Mrututu: Chumvi ya shaba inayookoa zao shambani na kuua ikiingia tumboni

Awasse, katika wilaya ya Mocímboa da Praia kaskazini mwa Msumbiji, ni njia panda. Barabara moja inakwenda pwani hadi mjini Mocímboa, nyingine inapanda nyanda za juu za Mueda, na ya tatu inaelekea kusini, Macomia na Pemba. Kijiji hicho kilipita katika mikono ya wapiganaji wakati wa vita vilivyoanza Oktoba 2017, kikakombolewa na majeshi ya Rwanda na Msumbiji mwezi Julai 2021.

Kwa familia zilizorejea Cabo Delgado baada ya kuhama, kilimo ndicho kinachoanzwa upya kabla ya mengine yote: mihogo, mahindi, ufuta, nyanya za kuuza barabarani, na mikorosho iliyokaa misimu kadhaa bila kupogolewa. Pamoja na mbegu na jembe huja dawa za shamba. Mojawapo ya zile za zamani kabisa, na za bei nafuu, ni chembe za rangi ya samawati ambazo Waswahili huziita mrututu.

Mrututu ni msaada mkubwa kwa anayeujua. Kwa asiyeujua ni sumu inayofanana na chumvi ya mawe iliyotiwa rangi nzuri. Makala haya yanaeleza mrututu ni kitu gani, unafanya kazi gani, haufanyi kazi gani, na jinsi ya kuutumia bila kujidhuru.

Mrututu ni nini?

Kwa jina la kikemia, mrututu ni salfeti ya shaba. Ni chumvi inayopatikana shaba inapoungana na asidi ya salfuriki. Katika hali yake ya kawaida kila chembe ya mrututu imeshika maji ndani yake, na maji hayo ndiyo yanayoipa rangi ya bluu. Kati ya gramu 100 za mrututu, takriban gramu 25 ni shaba na gramu 36 ni maji.

Ukichomwa moto kwa kiasi, maji hayo hutoka na chembe hugeuka unga mweupe wenye ukijivu. Ukidondosha tone moja la maji juu ya unga huo, bluu hurudi papo hapo. Wanafunzi wa sekondari hufundishwa jaribio hili kama njia ya kutambua kama kimiminika fulani kina maji ndani yake.

Sifa mbili ni muhimu kwa mtumiaji. Ya kwanza, mrututu huyeyuka kwa urahisi: lita moja ya maji ya joto la kawaida inaweza kubeba zaidi ya gramu 300. Ya pili, hula chuma. Ukizamisha msumari safi katika maji ya mrututu, baada ya muda mfupi hutoka umevikwa utando mwekundu. Utando huo ni shaba iliyojibandika juu ya chuma, huku chuma chenyewe kikiyeyuka na kuingia majini. Ndiyo maana mrututu hauwekwi katika ndoo ya bati wala debe.

Jina na asili yake

Neno mrututu linafanana sana na neno la Kigujarati *morthuthu*, lenye maana hiyohiyo. Ni mojawapo ya alama za biashara ya karne nyingi kati ya India na pwani ya Afrika Mashariki. Wachuuzi wa dawa walikuwa na chembe hizo za bluu madukani mwao muda mrefu kabla ya kufika kwa dawa za kisasa za kilimo.

Nchini Msumbiji, dukani mrututu huuzwa kwa jina la Kireno, *sulfato de cobre*. Kwa msomaji wa Kiswahili, Kimwani au Kimakonde asiyesoma Kireno, maneno mawili kwenye lebo yanafaa kukaririwa: *perigo*, yaani hatari, na *veneno*, yaani sumu.

Shaba yenyewe haitoki mbali. Katika migodi ya Katanga, kusini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na katika Ukanda wa Shaba wa Zambia, sehemu kubwa ya mawe yenye shaba huloweshwa kwa asidi ya salfuriki. Kinachopatikana ni maji ya bluu ya salfeti ya shaba. Kisha umeme hupitishwa ndani yake ili shaba safi ijikusanye kwenye mabamba. Mabamba mengi yanayosafirishwa kwa malori hadi bandari ya Dar es Salaam yalipata kuwa maji ya mrututu.

Kwa nini mkulima anauhitaji

Shaba ikiwa katika maji huvuruga vimeng'enya, yaani viendesha kazi vya ndani ya seli. Mbegu ya kuvu inapotua juu ya jani lililopakwa shaba na kuanza kuchipua katika unyevu, hufyonza shaba hiyo na kufa kabla haijapenya ngozi ya jani. Bakteria wa majani nao hupata pigo hilohilo.

Hapa pana jambo ambalo wakulima wengi hulikosea. Dawa ya shaba ni ngao. Hukaa juu ya jani na kuzuia ugonjwa usiingie, lakini haiingii ndani ya mmea kuufukuza ugonjwa uliokwisha kuota. Anayengoja majani yaungue ndipo apulize, amechelewa.

Mrututu mtupu nao huunguza majani. Dawa ya jambo hilo iligunduliwa Ufaransa. Wakulima wa mizabibu wa eneo la Médoc walikuwa wakiirashia mizabibu ya kando ya barabara mchanganyiko wa mrututu na chokaa, ili rangi yake mbaya iwafukuze wezi wa zabibu. Mtaalamu wa mimea Pierre-Marie-Alexis Millardet aliona kuwa mizabibu hiyo haikushambuliwa na ugonjwa wa ukungu uliokuwa ukiangamiza mashamba mengine. Mwaka 1885 alitangaza matokeo ya majaribio yake, na mchanganyiko huo ukapewa jina la mji wa Bordeaux. Kwa Kireno huitwa *calda bordalesa*.

Afrika Mashariki iliupokea kupitia kahawa. Ugonjwa wa chulebuni, unaoozesha matunda ya mbuni, uligunduliwa magharibi mwa Kenya mwaka 1922. Pamoja na kutu ya majani, uliwalazimu wakulima wa Kenya na wa miteremko ya Kilimanjaro kupuliza dawa za shaba msimu hadi msimu kwa miongo mingi.

Kwa mkulima wa ukanda wa Awasse, manufaa yako zaidi kwenye nyanya na viazi, dhidi ya bakajani chelewa, bakajani tangulia na madoa ya bakteria. Kwenye mikorosho na miembe, dawa za shaba husaidia kuzuia chule, ugonjwa unaokausha maua na kutia madoa meusi kwenye majani machanga na matunda.

Magonjwa ambayo mrututu hauyawezi

Fedha nyingi hupotea kwa kupuliza dawa isiyolingana na ugonjwa. Mrututu hauna msaada kwa matatizo yafuatayo:

- Batobato na michirizi ya kahawia ya mihogo. Haya ni magonjwa ya virusi, yanayoenezwa na nzi weupe na kwa kupanda vipando vyenye ugonjwa. Tiba yake ni vipando safi na mbegu zinazostahimili.
- Kantangaze na viwavi wengine wa nyanya. Hawa ni wadudu, na mrututu si dawa ya wadudu.
- Mnyauko wa bakteria. Bakteria wake hukaa udongoni na kuingia kupitia mizizi. Dawa iliyo juu ya jani haiwafikii.
- Ubwiriunga wa mikorosho. Ugonjwa huu, unaopaka maua na majani machanga unga mweupe, hukabiliwa kwa salfa.

Hilo la mwisho linahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa majina yanakaribiana. Salfa ni unga wa manjano, unaojulikana sana kwa wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Salfeti ya shaba ni chembe za bluu. Ni vitu viwili tofauti, na kimoja hakishiki nafasi ya kingine. Anayeagiza dawa kwa jamaa aliye ng'ambo ya mto ataje rangi pamoja na jina.

Namna ya kuchanganya

Kipimo cha kawaida cha mchanganyiko wa Bordeaux ni gramu 10 za mrututu na gramu 10 za chokaa iliyozimwa kwa kila lita moja ya maji. Kwa bomba la mgongoni la lita 16, ni gramu 160 za kila kimoja. Chokaa iwe mpya na kavu. Iliyokaa wazi kwa muda mrefu huwa imekufa nguvu.

1. Vaa glavu za mpira, miwani ya kinga, barakoa, mabuti na nguo ya mikono mirefu kabla ya kufungua mfuko. Vumbi la mrututu huunguza macho na koo.
2. Yeyusha mrututu katika ndoo ya plastiki, kwa nusu ya maji yote. Maji ya uvuguvugu huharakisha kazi. Koroga kwa mti.
3. Koroga chokaa katika ndoo nyingine ya plastiki, kwa nusu iliyobaki, kisha chuja kwa kitambaa ili isizibe bomba.
4. Mimina maji ya mrututu polepole ndani ya maji ya chokaa huku ukikoroga. Mchanganyiko mzuri huwa wa bluu ya mbinguni na mzito kidogo.
5. Zamisha msumari safi kwa dakika moja. Ukitoka na wekundu, chokaa haitoshi na majani yataungua. Ongeza chokaa kidogo, kisha jaribu tena.
6. Tumia siku hiyohiyo. Mchanganyiko uliolala hutuama na kupoteza uwezo wa kushika kwenye jani.

Puliza asubuhi baada ya umande kukauka, au jioni. Epuka jua la utosini, upepo mkali na siku inayotaka kunyesha. Usile, usinywe wala usivute sigara ukiwa kazini. Ukimaliza, oga kwa sabuni, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Mazao yasichumwe kabla ya siku zilizotajwa kwenye lebo, na nyanya zioshwe kwa maji safi kabla ya kuliwa.

Zipo pia dawa za shaba zilizokwisha tengenezwa viwandani, kama vile oksikloridi ya shaba na haidroksidi ya shaba. Hizo hazitiwi chokaa. Kipimo chake ni kile cha lebo.

Si dawa ya kidonda, wala ya tumbo

Kwa muda mrefu mrututu uliosagwa umekuwa ukinyunyizwa juu ya vidonda sugu katika pwani yetu, na zamani hata waganga wa hospitali za Ulaya waliutumia kumtapisha mgonjwa aliyekula sumu. Hospitali ziliachana na desturi hiyo baada ya kubainika kuwa dawa yenyewe huweza kuua kuliko sumu iliyokusudiwa kutolewa. Kwenye kidonda, mrututu huunguza nyama iliyo hai, na kwenye kidonda kikubwa shaba huingia katika damu.

Hesabu yake inatisha. Vifo vya watu wazima vimetokea kwa kumeza kati ya gramu 10 na 20. Gramu 10 ni kiasi kilekile kinachotiwa katika lita moja ya dawa ya shamba, nacho hujaa katika vijiko viwili vya chai. Kwa mtoto, hatari huanza chini ya hapo.

Aliyemeza mrututu huhisi ladha ya chuma na moto tumboni, hutapika matapishi yenye rangi ya bluu au kijani, na huharisha. Baada ya siku moja au mbili huweza kufuata hatua mbaya zaidi: chembe nyekundu za damu hupasuka, macho hugeuka manjano, mkojo hupungua na kuwa mweusi, na ini na figo hushindwa kazi. Mgonjwa aliyeonekana kupata nafuu baada ya kutapika asirudishwe nyumbani kwa matumaini hayo.

Huduma ya kwanza

- Umemezwa: usimtapishe mgonjwa, wala usimpe mchanganyiko wa kienyeji. Suuza kinywa chake kwa maji, kisha mkimbize kituo cha afya au hospitali. Chukua mfuko au lebo ya dawa. Hospitalini zipo dawa zinazoifunga shaba na kuitoa mwilini.
- Umeingia machoni: osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi huku kope zikiwa wazi, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yametulia.
- Umemwagika mwilini: vua nguo zilizolowa, osha ngozi kwa maji mengi na sabuni.
- Vumbi limevutwa: mtoe mgonjwa kwenye hewa safi, na atazamwe na mhudumu wa afya akiendelea kukohoa au kubanwa kifua.

Kisima, mto na udongo

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 2 za shaba katika lita moja ya maji ya kunywa. Gramu 10 za mrututu zikiangukia kisimani zinatosha kufikisha takriban lita 1,270 kwenye kikomo hicho. Samaki huhimili kidogo kuliko binadamu: katika maji yasiyo na chokaa, hata chini ya miligramu moja ya shaba kwa lita huweza kuwaua. Kwa hiyo bomba la kupulizia lisioshwe mtoni wala karibu na kisima. Maji ya kusuuzia yapulizwe shambani, juu ya zao lililokusudiwa.

Udongo nao una kumbukumbu. Shaba haiozi wala haipotei. Vipimo vilivyofanywa katika mashamba ya kahawa ya Kenya katika miaka ya 1980 vilionyesha jinsi shaba ya miongo ya upulizaji ilivyorundikana katika tabaka la juu la ardhi, mahali wanapoishi minyoo wanaorutubisha udongo. Tangu mwaka 2019, Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa kilo 28 za shaba kwa hekta katika kipindi cha miaka saba. Kupogoa, kuacha nafasi kati ya mimea na kuondoa majani yenye ugonjwa hupunguza idadi ya mara za kupuliza.

Nje ya shamba

Katika vituo vya kuchangia damu, tone la damu ya mchangiaji hudondoshwa ndani ya maji ya mrututu yenye uzito maalumu. Likizama upesi, wekundu wa damu unatosha. Likielea, mchangiaji huombwa asubiri hadi afya yake itengemae. Ni kipimo cha bei ndogo, na kimesaidia sana pasipo na mashine.

Wafugaji hutengeneza josho la kwato kwa mrututu wa asilimia 5 ili kuzuia kuoza kwa kwato za ng'ombe. Kondoo ni dhaifu sana mbele ya shaba, na wasiachwe wanywe maji hayo.

Katika karne ya 20 mrututu ulimwagwa katika mifereji ya Misri na Sudan ili kuua konokono wanaobeba kichocho, ugonjwa ambao bado unawasumbua watu wengi Cabo Delgado. Siku hizi kazi hiyo imeachiwa niklosamidi, iliyotumika pia Unguja na Pemba katika mradi wa kutokomeza kichocho wa mwaka 2011 hadi 2017. Mtu asimwage mrututu bwawani kwa kudhani anazuia kichocho. Atakachovuna ni samaki waliokufa.

Liko jambo jingine linaloihusu Awasse moja kwa moja. Hapo pana kituo cha kupozea umeme kilichohudumia wilaya kadhaa za kaskazini, na kuharibiwa kwake mwaka 2020 kuliziacha gizani. Nguzo nyingi za umeme duniani hutiwa dawa iliyobuniwa mwaka 1933 na Sonti Kamesan wa India, mchanganyiko wa shaba, kromi na aseniki, unaoupa mti rangi ya kijani hafifu. Shaba huzuia kuvu, na aseniki huzuia mchwa. Kipande cha nguzo ya namna hiyo, hata kikiwa kimeanguka miaka mingi iliyopita, si kuni. Moshi wake na majivu yake yana aseniki, sumu isiyo na harufu, na majivu hayo yasitiwe bustanini.

Kuhifadhi

Mrututu hauwaki moto, lakini hunyonya unyevu na kushikana. Uwekwe katika chombo cha plastiki chenye kifuniko, kilichoandikwa jina na neno sumu kwa lugha inayosomwa nyumbani humo, na kufungiwa mbali na chakula, mbegu na chumvi ya jikoni. Usihamishiwe katika chupa ya soda wala kopo la maziwa. Mfuko uliokwisha utobolewe ili usibebee unga wala mchele, na kijiko cha kupimia kisirudi jikoni.

Nunua kiasi cha msimu mmoja tu. Mrututu usiokuwepo nyumbani hauwezi kumdhuru mtoto.